Mbwa wa Makaoni na Jua la Kaskazi

1. Rafiki wa Kale

Wanyama wafugwao na watu ni wengi, na kila mmoja ana faida yake. Ng'ombe hutupa maziwa, punda hutuchukulia mizigo, kuku hutupa mayai, na paka hutufukuzia panya ghalani. Walakini katika hao wote hakuna aliyeandamana na mwanadamu kwa muda mrefu kama mbwa. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Oberkassel karibu na mji wa Bonn, ilifukuliwa mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke yapata miaka 14,000 iliyopita. Wakati huo watu walikuwa hawajajua kulima shamba wala kufuga mbuzi.

Wataalamu walipoyachunguza meno ya mbwa huyo, waliona alama za ugonjwa mkali uliompata angali mtoto. Mbwa augua hivyo hawezi kujitafutia chakula wala maji. Naye hakufa siku zile za kwanza, bali aliendelea kuishi majuma kadhaa. Basi wataalamu wakasema kwamba bila shaka palikuwa na mtu aliyemlisha, akamnywesha, akamtia joto, ijapokuwa mbwa mgonjwa hakuwa na faida yo yote kwake.

Tangu zamani hizo, basi, mbwa ameyaweka maisha yake mikononi mwa mtu. Somo hili latueleza juu ya mbwa aliyepotewa na mwenyewe, jinsi apatavyo nyumba mpya, na haki moja aliyo nayo juu yetu, ambayo wengi huisahau katika nchi za joto.

2. Makao ya Mbwa Wasio na Wenyewe

Mbwa asiye na mwenyewe sisi humwita mbwa koko. Huzunguka sokoni na majaani akitafuta makombo. Watoto humtupia mawe, na magari humgonga usiku. Watu husema, "Mbwa koko ni mwizi, tena ni mkali." Lakini na tuulize, je, alitoka wapi? Wengine walikuwa na wenyewe, nao wenyewe walihama mji wakawaacha nyuma. Wengine ni watoto wa mbwa jike aliyezaa saba au wanane katika ua wa mtu asiyetaka hata mmoja, wakatiwa guniani na kutupwa kando ya barabara. Mbwa hakuchagua kuwa koko. Mara nyingi ni mtu aliyemfanya hivyo.

Mwaka 1860, katika mji wa London, mama mmjoa aitwaye Mary Tealby aliwahurumia mbwa wa namna hii. Alifungua makao yao katika mtaa wa Holloway, akawa akiwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Walikuwako watu waliomcheka, wakisema kwamba mji wenye maskini wengi haufai kuhangaika na mbwa. Yeye hakuacha. Mwaka 1871 makao hayo yalihamishwa mpaka Battersea, nayo yako huko hata leo.

Afrika ya Mashariki nayo ina makao ya namna hii. Huko Nairobi, upande wa Karen, kuna makao ya chama cha Kenya cha kuwalinda wanyama, kijulikanacho kwa herufi zake KSPCA. Katika makao kama hayo mbwa hutibiwa, huchanjwa, na huhasiwa ili wasizidi kuzaa watoto wasio na wa kuwatunza. Kisha hungoja mtu wa kuwachukua. Mwenye kutaka mbwa huulizwa maswali: Je, una ua? Mbwa atalala wapi? Nani atamtunza ukisafiri? Asije mtu akakasirika kwa maswali hayo. Mbwa aliyekwisha kutupwa mara moja asitupwe mara ya pili.

3. Kumchagua na Kumzoeza

Ufikapo makaoni, usivutwe na uzuri wa rangi. Keti chini kwa utulivu, wala usimkazie mbwa macho, bali mwache akujie mwenyewe akunuse. Waulize watumishi wa makao tabia yake: Je, awaogopa watoto? Apatana na kuku na paka? Tena uombe cheti cha chanjo, hasa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili zake kwa mtu, ni nadra mno mtu huyo kupona. Chanjo ya mbwa ni ukuta wa nyumba nzima. Na mtu akiumwa na mbwa ye yote, na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Siku za kwanza mbwa wa makaoni huweza kujificha uvunguni, asile, au akalia usiku kucha. Usimpige. Hajui kama wewe utamtupa kama yule wa kwanza. Wafanyao kazi hiyo husema kwamba yampasa kupewa siku tatu apate kutulia, majuma matatu apate kuzijua desturi za nyumba, na miezi mitatu apate kujiona yuko kwao. Wahenga nao walisema: Haraka haraka haina baraka.

4. Jinsi Mwili wa Mbwa Ushindanavyo na Joto

Chovya kidole chako majini, kisha ukipulize. Utaona kimekuwa baridi. Maji yakaukapo huchukua joto, na kidole hupoa. Ndiyo sababu Muumba alimpa mwanadamu jasho: jasho likauka juu ya ngozi, na mwili hupoa.

Mbwa hana jasho la namna hiyo. Hutoka jasho kidogo tu katika nyayo zake, nalo halitoshi. Yeye hujipoza kwa kuhema. Hufungua kinywa, hutoa ulimi, na kuvuta pumzi upesi upesi, hata zaidi ya mara 300 kwa dakika moja, ili unyevu wa ulimi na wa koo ukauke na kuondoa joto. Mwili wa mbwa mzima una joto la digrii 38 hadi 39 za sentigredi. Likipita digrii 41, mbwa yu hatarini. Figo, ini na ubongo huanza kuharibika.

Sasa fikirini habari za pwani wakati wa kaskazi. Katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana la Mombasa huwa yapata digrii 32, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Mama afuaye nguo ajua ya kwamba hewa ikiwa na unyevu mwingi nguo hazikauki upesi. Hali kadhalika ulimi wa mbwa haukauki upesi, naye huhema sana bila kupoa sana. Kwa hiyo joto lile lile humtesa zaidi pwani kuliko katika nchi kavu ya bara. Wateswao kupita wengine ni mbwa wanene, mbwa wazee, watoto wa mbwa, wenye manyoya mazito, na wale wenye pua fupi iliyobonyea, kwani njia yao ya pumzi ni nyembamba.

5. Mbwa Aliyefungwa na Kivuli Kihamacho

Mbwa koko ana shida nyingi, lakini jua likiwa kali hujua la kufanya. Asubuhi hulala upande huu wa ukuta. Jua likimfikia, huondoka na kulala upande wa pili. Adhuhuri huingia chini ya gari lililosimama au katika mtaro wenye udongo wa baridi. Hahitaji kufundishwa.

Mbwa aliyefungwa hawezi kufanya hivyo. Zipo sababu njema za kumfunga mbwa mchana. Wapitao njia wasiumwe. Kuku wa jirani wasiliwe. Tena majirani wengi wa pwani ni Waislamu, na kwa sheria ya dini yao mate ya mbwa ni najisi, na aguswaye nayo humbidi kujitohara kabla ya kuswali. Ni adabu njema ya ujirani kumzuia mbwa wako asiwasumbue. Ua wenye boma zuri ni bora, lakini si kila mtu awezaye kujenga boma, basi wengine hutumia mnyororo. Walakini na ajue afungaye: siku ile amfungapo mbwa, amemnyang'anya uwezo wa kujitafutia kivuli na maji. Kazi ile iliyokuwa ya mbwa, sasa ni kazi ya mtu.

Tuseme kijana wa Kilifi amfunga mbwa wake saa moja asubuhi upande wa magharibi wa nyumba. Jua liko mashariki, na nyumba yatoa kivuli kipana. Kijana amwekea mbwa bakuli la maji, ampapasa kichwa, aenda shuleni na moyo mweupe. Yapata saa sita na nusu jua limefika juu ya utosi, na kivuli cha ukuta kimebaki kama utepe. Kisha jua lageuka kwenda magharibi, lampiga mbwa usoni. Mnyororo umekwisha kulipindua bakuli tangu saa tatu. Ukuta nao, uliopashwa moto, watoa joto kama tanuri. Kijana arudipo saa kumi, mbwa amekwisha kukaa juani muda wa saa tatu na zaidi.

Kijana huyu si mkatili. Hakumpiga mbwa, wala hakumnyima chakula. Kosa lake ni moja: alikiona kivuli cha asubuhi, akadhani ni kivuli cha siku nzima. Wako mbwa waliokufa kwa kosa hili hili, na wenyewe wakasema wamerogwa au wamelishwa sumu.

Tena katika pwani ya Kenya, yapata tarehe 10 Machi, na tena mapema mwezi Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Siku hizo ukuta ulio wima hauna kivuli cha kutosha upande wo wote. Kivuli cha kutegemewa ni kile kitokacho juu: mwembe mkubwa, mwarobaini wenye majani mengi, au paa.

6. Maji, Banda na Matembezi

Maji. Mbwa mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji yapata lita moja ya maji kwa siku, na wakati wa joto huhitaji zaidi. Mwekee vyombo viwili, ili kimoja kikipinduka kingine kibaki. Chombo cha udongo chafaa sana. Ni kizito, tena huyaweka maji katika hali ya ubaridi. Bati lililoachwa juani huyapasha maji moto hata mbwa asiyanywe. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, na chombo kisuguliwe, mbu wasije wakazaa ndani yake.

Banda. Watu wengi hujenga banda la mbwa kwa mabati, kwa kuwa mabati hayaozi. Lakini banda la mabati wakati wa kaskazi ni chungu juu ya moto. Paa la makuti ni bora kuliko yote: huzuia jua, na upepo hupenya. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka chini, na mlango uelekee upande utokako upepo. Mkiwa hamna ila mabati, yafunikeni kwa makuti, tena banda liwe chini ya mti. Msisahau kulifagia na kuangalia masikio na vidole vya mbwa kila siku, kwani kupe huleta homa kali.

Matembezi. Mbwa atembezwe alfajiri, au jioni jua likiisha kutua. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami ukihesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Naye mbwa ampendaye bwana wake hukimbia nyuma ya baisikeli yake mpaka aanguke, hawezi kusema, "Nimechoka." Yakupasa wewe kusimama kwanza.

7. Safari

Yafaa kueleza habari ya mbwa atolewaye Nairobi kupelekwa pwani. Nairobi iko juu ya bahari kwa yapata mita 1,700, na hata katika miezi ya jua kali joto la mchana aghalabu huwa karibu na digrii 27, na usiku kuna baridi. Mbwa aliyezoea hali ile akishushwa Mombasa siku moja, mwili wake haujawa tayari. Katika majuma ya kwanza apumzishwe, asikimbizwe, mpaka azoee kidogo kidogo. Ikiwezekana, achukuliwe katika miezi ya kusi, Juni hata Agosti, pwani ikiwa na upepo wa baridi.

Njia yenyewe yapita katika nyika ya joto, Mtito Andei na Voi. Wasafiri hupenda kusimama huko kula chakula. Mbwa asiachwe ndani ya gari hata kidogo. Mwaka 2005 huko Marekani watafiti walipima joto la gari lililofungwa juani. Waliona kwamba katika saa moja joto la ndani lilipanda kwa yapata digrii 22 kupita la nje, na sehemu kubwa ilipanda katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia sana. Basi wasafiri na wale kwa zamu, mmoja akikaa na mbwa chini ya mti.

8. Mbwa Aliyeshindwa na Joto

Dalili zake ni hizi: ahema kwa nguvu bila kutulia, ulimi na ufizi huwa mwekundu sana, mate huwa mazito, ayumba kama mlevi, atapika au aharisha, mwisho huanguka na kushikwa na degedege. Uonapo dalili hizi usingoje.

Kwanza, mpeleke kivulini. Pili, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, tena na tena, usiingize maji puani. Tatu, mpepee kwa kipepeo, kwa ubao, au kwa cho chote kilicho karibu, kwani maji na upepo pamoja ndivyo viondoavyo joto. Nne, akiweza kunywa mwenyewe, mpe maji kidogo kidogo. Asiye na fahamu asimiminiwe maji kinywani. Tano, mpeleke kwa daktari wa mifugo, ijapokuwa amesimama na kutikisa mkia, kwa maana madhara ya ndani hayaonekani kwa macho.

Wengi humfunika mbwa kwa nguo iliyolowa na kumwacha. Hilo si jema. Nguo ile hupata moto upesi na kuzuia joto lisitoke. Wengine humtia garini kwanza na kukimbia kwa daktari, na mbwa afa njiani. Waganga wa mifugo wa chuo cha Royal Veterinary College, London, hufundisha kanuni fupi, nanyi ishikeni: Poza kwanza, safirisha baadaye.

9. Neno la Mwisho

Mtu aweza kusema, "Mimi nawapenda wanyama," na mbwa wake angali juani. Mbwa hayajui maneno yetu mazuri. Ayajua maji, na kivuli, na mkono uliomfungua. Ndiyo maana wazee wetu walisema: Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kabla ya kutoka nyumbani asubuhi, simama mahali alipofungwa mbwa wako, ulitazame jua, ujiulize: Saa saba kivuli kitakuwa wapi? Ukiisha kujibu, mhamishe, kisha uende shuleni.

Maswali

1. Meno ya mbwa wa Oberkassel yalionyesha nini juu ya watu wa zamani zile?
2. Kwa nini watumishi wa makao humwuliza maswali mtu atakaye kumchukua mbwa?
3. Mbwa hujipozaje, na kwa nini hewa ya pwani humtesa zaidi?
4. Kijana wa Kilifi alikosea nini? Ungalikuwa wewe, ungalimfunga mbwa wapi?
5. Eleza kwa utaratibu mambo matano ya kumfanyia mbwa aliyeshindwa na joto.
6. Kazi ya mkono: Simamisha fimbo katika ua wa shule. Weka alama ya mwisho wa kivuli chake saa mbili, saa nne, saa sita na nusu, saa nane na saa kumi. Kisha chora picha ya ua wa nyumba yenu, uonyeshe mahali palipo na kivuli siku nzima.